Watu wa Ng'ambo

Ramani mpya ya kata ilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya tawi, Kinyozi hakuwa na habari. Alikuwa saluni kwake, amemwinamisha mteja kichwa, anamsawazisha kisogo, ndipo mwenyekiti wa tawi alipoingia bila hodi, akakaa kwenye benchi la wanaosubiri na kuvua kofia. Mwenyekiti alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alikaa kimya mpaka mteja mwenyewe akaanza kumtupia jicho.

"Sema tu, mwenyekiti," Kinyozi alisema. "Humu hakuna mgeni."

"Bora uyasikie kwangu kuliko kwa watu wa barabarani. Kata imegawanywa. Ramani imetoka leo, na nyumba yako imeangukia kata nyingine."

Kinyozi alizima mashine. "Imeangukaje? Si ile pale ng'ambo?" Akaonyesha kwa mashine nje ya mlango, kule kuvuka barabara, ambako safu ya nyumba zilizoshikana ilionekana vizuri, ya kwake ikiwa ile yenye cherehani barazani.

"Iko pale pale. Ila kwa ramani yao, safu yenu yote sasa ni ya kata ile ya kule mtoni. Huku kwenye saluni ndiko kumebaki kwetu."

"Mtoni? Sisi na mto wapi na wapi?"

"Mimi nimesoma ukutani tu, ndugu yangu. Sikuchora mimi."

Mteja, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado, aliomba kwa upole amaliziwe. Kinyozi alimmalizia, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, na yule bwana aliondoka na ngazi kisogoni ambayo hakuiona mpaka alipofika nyumbani na mkewe akaangua kicheko.

Mtaa mzima ulijua maana ya ramani ile. Jumamosi ya wiki iliyofuata chama kilikuwa na kura za maoni za kumpata mgombea udiwani, na Kinyozi alishachukua fomu, tena kwa hela ya cherehani ya mkewe. Sharti la kwanza la fomu lilikuwa mgombea awe mkazi wa kata. Ramani ikibaki vile, yeye keshatoka, na anayebaki ni mshindani wake, mfyatuaji matofali ambaye watu walimwita Matofali tu, mtu mwenye gari la mizigo na sauti ya upole, aliyejenga huku, nyuma ya saluni. Ilikuwepo siku moja ya kusikiliza mapingamizi, mwenyekiti alimweleza. Jumatano, ukumbi wa shule.

Mtu mwingine angejiuliza hawa wachoraji wamekosea wapi. Kinyozi hakuumbwa hivyo. Mpaka anafunga saluni alikuwa na swali moja tu kichwani, nalo lilikuwa: nani?

*

Mkewe alikuwa barazani anashona kofia za kampeni. Fundi hachagui kichwa cha kuvaa, na msimu ule alikuwa anawashonea wagombea wote, Matofali akiwamo, kwa kuwa Matofali alilipa kabla. Mdogo wake wa kiume, aliyeishi nao kwenye chumba cha uani, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anakata nyuzi zilizobaki. Huyu hakuwa mtoto, alikuwa mwanaume na ndevu zake, katibu wa vijana wa tawi, na ndiye aliyempigia shemeji yake debe nyumba kwa nyumba tangu mvua za kwanza.

Kinyozi aliokota kofia moja kwenye rundo. "Hii ya nani?"

"Imeandikwa, Baba Mapacha. Soma."

"Kwa hiyo ndani ya nyumba yangu tunamshonea anayeninyonga."

"Tunakushonea na wewe. Zako ziko kwenye ule mfuko, na hujazilipia."

Shemeji alicheka. Siku nyingine wangecheka wote watatu. Kinyozi alimgeukia taratibu, kofia ya Matofali bado mkononi.

"Wewe unacheka. Si wewe uliyekuwa unazunguka na watu wa tume ya mipaka, unawabebea kamba na vigingi?"

"Ndiyo, shemeji. Kibarua."

"Na walipofika hapa kwetu uliwaambia nini?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nashika ncha ya kamba. Nikiambiwa vuta, navuta. Nikiambiwa legeza, nalegeza."

"Na kwenye gari la Matofali ulipandaje?"

Shemeji aliacha kukata nyuzi. Hakujua kama alionekana. "Alinipa lifti. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Mvua ile ilininyeshea na mimi. Mbona mimi sikupewa lifti?"

"Wewe unagombea naye, shemeji. Mimi sigombei chochote."

"Jibu lake unalo kabisa," Kinyozi alisema. "Mtu asiye na kitu moyoni hana jibu mkononi namna hiyo."

Mkewe aliinua mguu kwenye pedeli. "Baba Mapacha, muulize kama ndugu yako. Usimhoji kama polisi."

"Ndugu wa nani? Wangu au wako?"

Neno hilo lilimchoma mwanamke. Aliikanyaga tena pedeli, lakini mshono ulikwenda upande, na kofia ile ikabidi ifumuliwe yote. Mapacha waliokuwa wanafanya hesabu za shule mlangoni walikusanya madaftari yao na kuingia ndani bila kuambiwa.

*

Shaka ni ugonjwa wa kuambukiza, na tawi zima lilikuwa limeshaupata. Tangu ramani itoke, waliozoea kuongea kwa sauti walianza kunong'ona. Muuza vocha alidaiwa kusoma ujumbe wa wateja. Mjumbe mmoja alionekana na viatu vipya, akalazimika kueleza kwa kila aliyemsalimia kwamba ni vya mtumba. Kikao cha tawi kilipofunguliwa, watu walichagua viti kwa kutazama kwanza ni nani atakayekuwa mgongoni mwao.

Kinyozi aliomba kusema. Hakuwa msemaji mbaya, mtu anayeshika vichwa vya watu kutwa nzima hujifunza kuongea nao. Alieleza habari ya kamba, ya vigingi na ya lifti ya mvua, kisha akashusha pumzi.

"Mnataka kujua nani kaiuza safu yetu? Analala uani kwangu. Anakula sahani moja na wanangu."

Hakuna aliyeuliza ushahidi. Na hapo ndipo Matofali aliponyanyuka, na kusema kwa ile sauti yake laini, "Jamani, tusimhukumu kijana wa watu. Mimi namjua, ni mtu mzuri."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Ukumbi uliguna. Shemeji alisimama akiwa ametoa jasho, akasema yeye hajui kuchora hata mstari wa rula, sembuse kata, na kama wanataka ukatibu wao wauchukue, ila wasimwite msaliti mbele ya watu aliowatembelea kwa mguu akimwombea kura huyu huyu anayemshtaki. Wakauchukua. Mwenyekiti aliinamisha kichwa wakati mikono inahesabiwa, mkono wake mwenyewe ukiwa mapajani.

Maneno yalitembea haraka kuliko gari. Tume iliposikia kwamba kibarua wao analalamikiwa na chama, walimwambia asije tena. Jioni hiyo hiyo alikunja nguo zake kwenye mfuko wa rambo. Dada yake alitaka achukue godoro.

"Libaki, dada. Nalala kwa rafiki yangu, stoo yake ina magunia."

"Magunia ya nini?"

"Ya saruji. Ni laini kama hujazoea vitu vizuri."

Alijaribu kucheka, na dada yake alijaribu pia, wote wawili hawakuweza. Mlango wa uani ulipofungwa, mwanamke aliingia ndani akamkuta mumewe anajipima suti ya Jumamosi. Aliona kwamba mabega ya suti yamelegea na yanahitaji kushonewa ndani. Kwa mara ya kwanza tangu waoane aliona kasoro kwenye nguo ya mumewe, akaiacha.

*

Jumatano ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Ofisa wa mipaka alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, mgeni wa sehemu ile, aliyesema "samahani" kila alipopenga. Alimsikiliza Kinyozi mpaka mwisho bila kumkatiza. Kinyozi alizungumza kwa dakika nyingi juu ya njama, mikono isiyoonekana na watu wanaolala uani.

"Nimekuelewa, baba," ofisa alisema. "Lakini sisi hatukuuziwa mstari na mtu. Tuliuliza wakazi wenyewe. Kila tulipofika tuliuliza swali moja: wewe unakaa wapi? Huku kwenye maduka, mwenzangu huyu aliingia saluni kunyolewa. Akamuuliza kinyozi, wewe mkazi wa wapi? Kinyozi akasema, mimi wa ng'ambo. Na zile nyumba pale? Akasema, wale wote watu wa ng'ambo." Alipenga. "Samahani. Sasa kwenye vitabu vyetu Ng'ambo ni mtaa wa kule mtoni, kata ya jirani. Tukaona ni haki muunganishwe na wenzenu."

Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha alianza kutikisika mabega, na kicheko kikaupita ukumbi wote, kikatoka nje, kikawakuta waliokosa nafasi.

"Mama," mzee alisema akijifuta macho, "sisi tukiwa huku, kule ni ng'ambo. Tukiwa kule, huku ndiyo ng'ambo."

"Sasa ng'ambo yenyewe ni wapi?"

"Popote ambapo hupo."

Hata ofisa alitabasamu, kisha akarudi kwenye kazi yake. Kama ni hivyo, alisema, ni kosa la kusikia na linarekebishika leo leo. Utaratibu wao unataka jambo moja tu, maelezo yale yafutwe hapa hadharani na aliyeyatoa, au na mtu aliyekuwepo yakitolewa. Akamtazama Kinyozi. "Ni wewe uliyemwambia mwenzangu?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Kinyozi akilikubali, safu inarudi, ugombea wake unarudi. Lakini aliwaona wajumbe wakimtazama, wale wale aliowafanya wamvue mtu ukatibu. Tena roho yake ilimwambia kwamba hakuna ofisa anayempa mtu kitu bure. Huu ni mtego. Akikubali, kesho wataambiana kwamba mwenyewe aliungama mbele ya watu.

"Sikumbuki," alisema. "Hapana. Sikusema. Hayo nimetungiwa."

Mwenyekiti alifumba macho. Ofisa alikamata kalamu. "Basi, baba, mstari unabaki kama ulivyo."

"Alisema," sauti ya mwanamke ilitoka nyuma. "Nilikuwepo."

Mkewe alikuwa amesimama katikati ya watu waliokaa, mkoba umebanwa kifuani. Alieleza kwamba alikuwa amempelekea mumewe chakula cha mchana, akamkuta anamnyoa bwana yule mwenye kovu kwenye kidole, na akayasikia maneno yote kama yalivyosemwa.

"Wewe ni nani wake?"

"Mkewe. Hakuwa na maana ya mtoni, mama. Alikuwa na maana ya nyumbani." Kisha akamwelekea bwana mwenye kovu. "Na mdogo wangu hakuwaambia kitu. Alikuwa ameshika kamba."

Ofisa alimtazama mwenzake mwenye kovu, mwenzake akaitikia kwa kichwa. Mstari ukafutwa na kuchorwa upya pale pale. Watu walipotoka, mtu mmoja alimpa Kinyozi mkono na kumwita Diwani wa Ng'ambo, na jina likaganda kabla hawajafika getini.

*

Kinyozi alitembea mbele ya mkewe njia nzima, akavuka barabara bila kumngoja. Nyumbani alikaa kwenye kiti cha cherehani, ambacho hakuwa na kawaida ya kukikalia.

"Nani alikutuma?"

"Kufanya nini?"

"Usinizungushe, Mama Mapacha. Kuninyanyukia mbele ya watu. Umenivua nguo nikiwa nimesimama."

"Nimekurudishia ugombea wako. Saa hizi ungekuwa nje."

"Ndiyo. Na nani anataka nirudi nikiwa kichekesho? Matofali. Mtu wa kuchekwa ni rahisi kumshinda. Amekupa nini? Kofia zingine?"

Mwanamke alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na huruma, na ile huruma ndiyo iliyomchosha zaidi. "Angetaka ushindwe angeniomba ninyamaze. Wewe mwenyewe ulikuwa umeshamaliza kazi yake."

"Ndivyo mnavyotaka niamini."

"Sisi akina nani? Mimi niko peke yangu hapa. Mdogo wangu yuko kwenye magunia ya saruji kwa ajili ya mdomo wako, na mwenyekiti ameshamrudishia ukatibu, umebaki wewe tu. Nenda kamwombe radhi."

"Baada ya Jumamosi."

"Leo."

"Mgombea hawezi kuonekana anaomba radhi wiki ya kura. Wewe siasa huijui." Alizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, mbele na nyuma, jambo ambalo mkewe alilichukia. "Jumamosi utasimama kwa nani?"

"Kwa ninayemtaka."

Alimwondoa kwenye kiti, akachukua ile suti kwenye msumari na kuanza kushonea mabega.

*

Kura za maoni za tawi lile hazikuwa za karatasi. Karatasi zilishaleta ugomvi chaguzi zilizopita, kila aliyeshindwa akidai zimeibwa, kwa hiyo wanachama walirudi kwenye kupanga mstari. Wagombea wanasimama wakiutazama ukuta wa ofisi, kila mwanachama anajipanga nyuma ya anayemtaka, na mwenyekiti anapita akihesabu vichwa. Ni marufuku kusema na mgombea. Na mgombea haruhusiwi kugeuka. Miaka ya nyuma yupo aliyegeuka, akazikariri sura za waliomkataa, na aliposhinda watu wale wakawa hawapati kwake hata barua ya utambulisho. Tangu hapo anayegeuka mstari wake unafutwa wote.

Walisimama wawili, Matofali kulia, Kinyozi kushoto, ndani ya suti iliyomkaa vizuri. Mbele yake palikuwa na chokaa iliyobanduka na mchwa waliokuwa wamepanda mpaka usawa wa pua. Mwenyekiti akapuliza filimbi.

Nyuma kukawa na vishindo vya miguu, kandambili na viatu, watu wakiitana na kusukumana kwa mzaha. Kinyozi alitega masikio. Mtu anayefanya kazi mbele ya kioo huzoea kumwona kila anayeingia mgongoni kwake, na ukuta ule haukumwonyesha kitu. Alisikia pumzi za mtu karibu yake, wa kwanza mstarini. Nani? Mtu wake, au mtu aliyetumwa kuja kusimama hapo ili amdhihaki?

"Jamani, huku kumejaa, sogeeni," mtu alipaza sauti, na Kinyozi hakuweza kujua huku ni wapi. Upande wa kulia mwanamke alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, kama cha mkewe. Au si chake. Alikumbuka jinsi alivyosema kwa ninayemtaka, bila kutaja jina. Alikumbuka rundo la kofia, na lifti, na wote wawili, dada na kaka, wakijaribu kucheka mlangoni siku ile ambayo walidhani yeye hasikii. Ilimjia waziwazi kwamba wamesimama kule, kwa Matofali, na kwamba wanaucheka mgongo wake. Mwenyekiti alikuwa ameanza kuhesabu mstari wa kulia, na akaumaliza mapema. Mapema kwa nini? Kwa sababu ni mfupi, au kwa sababu matokeo yalishapangwa?

Shingo tu ndiyo iliyogeuka. Mwili ulibaki ukutani.

Mkewe alikuwa hatua moja nyuma yake, wa kwanza kabisa. Nyuma ya mkewe alisimama shemeji yake, shati limejaa vumbi jeupe la saruji. Nyuma ya shemeji mstari ulikwenda mpaka barabarani, ukapinda kona, na mwisho wake haukuonekana. Wa Matofali uliishia kwenye mlango wa muuza vocha.

"Amegeuka," mtu mmoja alisema taratibu, kama asiyetaka kusikika.

Lakini walishasikia. Mwenyekiti alitazama chini, akatazama wajumbe wawili wa upande wa pili waliokuwa wameshanyoosha vidole, akakosa pa kukimbilia. "Mgombea wa kushoto amegeuka," alitangaza. "Mstari wake umefutwa."

Watu waliguna, kisha wakaanza kuachana na mstari, wengine wakisonya, wengine wakimwita lile jina jipya. Matofali alibaki akiutazama ukuta kwa heshima zote, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ameshashinda. Shemeji alipangusa vumbi kwenye shati, akamtazama Kinyozi mara moja, akaenda zake.

Mkewe alikuwa bado pale pale.

"Umesimama hapo tangu saa ngapi?" Kinyozi aliuliza.

"Nilifika wa kwanza," alisema. "Nilimwomba mwenyekiti anipe nafasi ya karibu, nikunong'oneze neno moja tu. Akasema ni marufuku kusema na mgombea."

"Neno gani?"

"Usigeuke."

Kisha akakaza kanga yake kiunoni na kuondoka kumfuata mdogo wake.